Bahari Katika Sebule ya Mjomba

Kitu kilicho karibu na macho aghalabu huwa cha mwisho kuonekana. Mimi nilizaliwa katika kijiji kimoja cha mwambao, kaskazini ya Mombasa, na tangu utotoni nilizoea kutembea juu ya mwamba maji yalipokupwa wakati wa bamvua. Nilikanyaga matumbawe kwa miguu yangu, nikayavunja kwa fimbo nikitafuta pweza, nikayatupa kama mtu atupavyo kokoto. Lau mtu angaliniuliza siku zile, "Tumbawe ni kitu gani?" ningalimjibu bila kusita kuwa ni jiwe. Baadaye nilikwenda chuo cha ualimu, nikapata cheti, nikaajiriwa. Na katika darasa langu la kwanza niliwaambia wanafunzi wangu jambo lile lile. Mwalimu aweza kuwa na chaki mkononi na ujinga kichwani. Ikiwa wewe, msomaji, ulikuwa mmoja wa wanafunzi wale, insha hii ni deni langu kwako.

Deni hilo nililitambua mbali sana na nyumbani. Mwaka 2018 nilikwenda Uingereza kwa mafunzo ya walimu ya miezi mitatu, nikakaa Liverpool kwa mjomba wangu, ndugu yake mama. Mjomba alizaliwa Lamu, akaingia melini akiwa kijana, akafanya kazi katika chumba cha injini kwa miaka mingi mpaka alipostaafu. Mkewe alikuwa amefariki, na watoto wake walikuwa wamekwenda zao, kila mmoja na mji wake. Nilipofika nilimwamkia shikamoo, nikambusu mkono kama ilivyo ada ya kwetu; naye akanishika bega, akanipeleka sebuleni hata kabla ya kunikaribisha chai.

"Njoo, mwanangu," aliniambia, "uione bahari yetu."

Kando ya ukuta palikuwa na tangi la kioo lenye urefu wa mita moja, lililochukua lita 200 za maji. Ndani yake mlikuwa na mawe yenye vitundu, mchanga mweupe, konokono kadha wa kadha na samaki wadogo wawili. Lakini macho yangu yalivutwa na vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa kama uyoga mkubwa, kipana kama sahani, rangi yake ya chai ya maziwa, na juu yake pameota vidole vidogo vingi vilivyoyumba pamoja kama shamba la mpunga katika upepo. Cha pili kilikuwa kishada cha vikono vyeupe vilivyofumba na kufumbua, vikafumba na kufumbua, kama vinavyoshika kitu kisichoshikika.

"Mimea hii mjomba umeitoa wapi?" nikauliza.

Mjomba alicheka hata machozi yakamtoka. "Na wewe ni mwalimu!" akasema. "Hiyo si mimea. Hayo ni matumbawe laini, na jamaa zake wako mlangoni pa nyumba uliyozaliwa."

Siku ile, nikiwa na umri wa mtu mzima na cheti cha serikali, nilifundishwa tumbawe ni nini. Tumbawe ni mnyama. Au, kwa usahihi zaidi, ni jumuiya ya vinyama vidogo vilivyoshikamana. Kila kinyama kina kinywa kimoja, na katika matumbawe laini kinywa hicho huzungukwa na minyiri minane yenye vishada kama unyoya. Matumbawe magumu hujijengea mifupa ya chokaa, na mifupa hiyo ndiyo iliyoinua miamba yetu, ndiyo pia iliyotoa mawe ya nyumba za kale za Lamu. Matumbawe laini hayajengi jiwe. Yana vijiti vidogo mno vya chokaa ndani ya nyama, navyo huushikilia mwili usianguke. Na ndani ya nyama hiyo hukaa mwani mdogo usioonekana kwa macho matupu. Mwani huo hutumia mwangaza kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humpa mnyama aliyempangisha. Mnyama naye humpa mwani makao, na taka zake zikawa mbolea. Ni mapatano ya kale ambayo yamedumu bila hati wala shahidi.

Lile tumbawe lililofanana na uyoga mjomba aliliita tumbawe la ngozi, kwa kuwa ngozi yake ni nene kama ya kiatu. Wataalamu huliita Sarcophyton. Lile lililopwita kama moyo huitwa Xenia. Kipande cha Xenia mjomba alipewa na rafiki yake wa melini, na rafiki huyo alifariki kabla sijafika. Mjomba hakuongeza neno juu ya hilo, lakini kila jioni niliona akivuta kiti chake upande ule wa tangi.

Bahari ile ilikuwa changa bado. Mjomba aliijaza maji mwezi wa Aprili, lakini hakutia tumbawe hata moja mpaka Julai. Nilimwuliza kwa nini alingoja muda wote huo akitazama mawe matupu. Akanieleza kwamba maji ya bomba hayafai, kwa sababu huwa na dawa ya kuulia vijidudu, na pengine chembe za shaba kutoka katika mabomba, na shaba kidogo tu ni mauti kwa wanyama wasio na uti wa mgongo. Basi huyachuja maji kwanza mpaka hayana kitu, ndipo huyatia chumvi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, gramu 35 katika kila kilo ya maji, kama ilivyo baharini.

Hata hivyo, alisema, maji ya chumvi peke yake hayajawa bahari. Kila kiumbe hutoa taka, na taka hizo, pamoja na chakula kilichooza, huwa amonia, ambayo ni sumu. Wako bakteria wa namna moja waigeuzao amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Na wako wa namna nyingine waigeuzao naitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo. Bakteria hao hukaa katika vitundu vya mawe na katika mchanga, nao huongezeka kwa majuma, si kwa siku. "Tangi jipya," alisema mjomba, "ni mji wenye majumba na hauna bado wafagiaji. Ukiingiza watu kabla ya wafagiaji, umewaita kwenye maradhi."

Alikuwa na daftari ambamo aliandika kila siku joto la maji, kadiri ya chumvi, na mara kwa mara amonia, naitraiti na naitreti. Nilifungua kurasa za mwanzo nikaona amonia ikipanda, ikashuka. Naitraiti ikafuata, nayo ikapanda na kushuka. Mwisho zote mbili zikawa sifuri na kukaa hapo. Ndipo alipotia konokono, kisha samaki, kisha tumbawe. Naitreti hakutaka iwe sifuri. Matumbawe laini, alinieleza, hudhoofika katika maji yaliyonyang'anywa kila kitu, kama yadhoofikavyo katika maji machafu.

Tumbawe jipya hakulitumbukiza. Aliliweka katika ndoo pamoja na maji liliyokuja nayo, akayadondosha maji ya tangi humo tone kwa tone kwa muda wa saa nzima. Kisha aliliweka chini, penye mwangaza hafifu, akalipandisha kidogo kidogo majuma yalivyopita, maana mwani uliozoea kivuli huunguzwa na mwanga wa ghafula. Taa aliiwasha kwa saa tisa kila siku, wala haikuzidi. Pampu alizielekeza kwenye kioo ili maji yarudi yakibembea kama mawimbi, yasilipige tumbawe mahali pamoja. Kati ya tumbawe na tumbawe aliacha nafasi ya shubiri, kwa sababu wanyama hawa wapole hupigana kwa sumu wanazozitoa majini; na kwa ajili ya sumu hizo aliweka mkaa maalumu katika chujio.

"Wewe wadhani nafuga matumbawe," aliniambia jioni moja. "Mimi nafuga maji. Maji yakitulia, matumbawe hujifuga yenyewe."

Nilidhani nimeelewa. Kumbe nilikuwa nimesikia tu.

Mwezi wa Oktoba mjomba aliitwa hospitali kupasuliwa goti. Angelala huko siku sita. Kabla ya kuondoka alinikabidhi tangi kama mtu akabidhiye mtoto. Kazi yangu ilikuwa ndogo. Kila asubuhi nisome joto, ambalo lapaswa kuwa nyuzi 25. Nipime chumvi, na kipimio kiseme 1.025; niongeze maji matamu badala ya yale yaliyokauka, kwa kuwa maji huondoka kwa mvuke na chumvi hubaki; niwape samaki chakula kwa ncha za vidole; niandike yote katika daftari. "Na ukiona jambo usilolijua," akasema akiwa mlangoni na mkongojo wake, "nipigie simu kabla hujatia mkono."

Siku ya pili tumbawe la ngozi lilifunga. Vidole vyake vyote vilizama ndani, kichwa chake kikasinyaa, na ngozi yake ikang'aa kama iliyopakwa nta. Siku ya tatu lilikuwa vile vile, na utando mwembamba ulianza kutanda juu yake. Moyo wangu uliingia baridi. Joto lilikuwa 25. Chumvi ilikuwa 1.025. Kila kipimo kiliniambia kuwa hapana neno, lakini macho yangu yaliniambia kuwa mnyama anakufa.

Hapa, msomaji, nakuomba utazame vizuri nilivyofanya, maana kosa la mtu mmoja laweza kuwa akiba ya wengine. Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Sikupiga. Niliona haya kumwambia mjomba, aliye kitandani na mguu wake umeshonwa, kwamba siku tatu zimenishinda. Niliona pia kwamba mtu mwema hakai kimya mbele ya mgonjwa. Sharti afanye kitu. Basi nikafanya kitu, kisha nikafanya kingine, na kingine tena.

Nililiondoa tumbawe mahali pake nikalisugua utando kwa brashi laini. Nililipandisha juu karibu na taa, nikidhani limekosa mwanga. Kisha nikasema moyoni kuwa huenda maji yamechafuka. Katika stoo mlikuwa na madumu manne ya lita 20 ya maji yaliyochujwa, nayo yalikuwa na baridi ya vuli ya Uingereza. Niliyatia chumvi kwa kukisia, kama mpishi atiavyo chumvi katika mchuzi, nikatoa lita 80 za maji ya tangi, nikamimina yale mapya mchana ule ule. Nilipomaliza nilikaa kitini nimelowa jasho, nimeridhika. Nilikuwa nimefanya kazi.

Asubuhi ya siku ya nne Xenia haikupwita. Vikono vyake vililegea, vikainama. Jioni ilikuwa imeanza kuyeyuka, na siku ya tano hapakubaki juu ya jiwe ila ute wa kijivu. Usiku ule mjomba alipiga simu. Aliniuliza, "Wazima huko?" Nikamjibu, "Wazima wote, mjomba." Neno hilo lilinitoka jepesi, na uzito wake ukabaki nami mpaka asubuhi. Kalamu haikukubali kuandika uongo niliousema kwa ulimi. Kwa hiyo katika daftari sikuandika kitu.

Mjomba alirudi siku ya saba kwa teksi, akitembea kwa magongo mawili. Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja mbele ya tangi akasimama. Nilimwona akitazama tumbawe la ngozi lililojikunja karibu na taa, kisha akatazama jiwe tupu upande wa kiti chake. Alitazama pale kwa muda mrefu. Kisha alichukua daftari, akafungua, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mbona kurasa hizi ni nyeupe, mwanangu?"

Nikamweleza yote. Sikuacha brashi, wala chumvi ya kukisia, wala uongo wa simu. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Na nakuambia kweli, msomaji, heri angalifoka. Nilipomaliza aliketi, akanyoosha mguu wake, akasema:

"Lile tumbawe la ngozi halikuwa gonjwa. Lilikuwa likijivua. Mara kwa mara hufunga, likavaa utando kama wa nta, likakaa hivyo siku kadhaa, pengine juma na zaidi. Kisha utando hubambuka na kuchukuliwa na maji, pamoja na mwani na uchafu uliolishika, nalo hufunguka likiwa zuri kuliko kwanza. Lilitaka jambo moja tu: mkondo mzuri wa maji na kuachwa."

Alinituma nilete kipimio. Chumvi ilikuwa 1.029. Xenia, aliniambia, haivumilii mageuzi ya ghafula. Joto lilishuka, chumvi ikapanda, na tumbawe la ngozi, kwa kusuguliwa, likamwaga sumu zake majini, yote katika mchana mmoja. Kila moja peke yake pengine ingaliiweza.

Nilingoja hukumu. Mjomba alinipa kalamu. "Andika," akasema. "Andika tarehe, andika Xenia imekufa, na andika sababu." Nikaandika. Mkono wangu ulitetemeka nilipofika kwenye sababu, nikaandika neno moja: haraka. Mjomba alilisoma, akachukua kalamu, akaongeza chini yake kwa mwandiko wake wa kibaharia: na haya ya kuuliza. Kisha akafunga daftari, na tangu siku ile hakulitaja tena.

Matengenezo yalikuwa ya polepole kuliko uharibifu. Tulibadili mkaa katika chujio. Tulilirudisha tumbawe la ngozi mahali pake pa zamani. Chumvi hatukuishusha siku moja. Kila siku tulitoa maji kidogo na kurudisha matamu, hata kipimio kikarudi 1.025 baada ya siku tano. Kila juma tulibadili sehemu moja katika kumi ya maji, yakiwa yamepimwa chumvi na kupashwa joto kwanza. Baada ya hapo tulikaa na kutazama. Kutazama bila kugusa ni kazi ngumu kuliko kusugua. Nilikuwa nikiweka mikono chini ya mapaja kama mtoto aliyekatazwa sukari.

Siku ya kumi na moja utando ulianza kubambuka vipande vipande, ukaelea, ukapotea. Siku ya kumi na tatu niliamshwa na sauti ya mjomba. Nilimkuta mbele ya kioo na kikombe mkononi. Tumbawe la ngozi lilikuwa limefunua vidole vyake vyote. Lile jiwe la Xenia lilibaki tupu mpaka siku niliyoondoka Liverpool. Si kila kosa hulipika, na ni vyema ujue hivyo mapema.

Niliporudi Kenya nilikwenda mwambani wakati wa bamvua, na safari hii nilisimama pembeni. Nilikumbuka mwaka 1998, nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi, mwamba wetu ulipogeuka mweupe. Sisi watoto tulisema mwamba umeoshwa, tukaona uzuri. Sasa najua tulichokiona. Bahari ilikuwa imepata joto kupita kawaida yake, nyuzi moja au mbili tu, kwa majuma mengi. Matumbawe yakaupoteza mwani wake, yakabaki na weupe wa njaa, na mengi sana yakafa, kwetu na katika sehemu nyingi za Bahari ya Hindi. Nyuzi mbili ni kitu kidogo kwa mtu aliyevaa shati. Kwa tumbawe ni nyumba iliyoungua. Nilikuwa nimeuona mwezi mzima wa mauti nikacheza juu yake. Na kwa Xenia moja ndogo nilikosa usingizi. Tofauti ilikuwa ni elimu.

Bahari kuu haina mjomba wa kupima chumvi yake. Malindi na Watamu zina hifadhi za bahari tangu mwaka 1968, na humo ni marufuku kuvunja tumbawe au kuliokota. Lakini mlinzi hawezi kusimama juu ya kila mwamba. Ukienda pwani, usikanyage matumbawe, usiyang'oe kuyapeleka nyumbani katika chupa. Huna maji ya kuyapa. Na ikiwa siku moja utafuga kipande kilichokuzwa na mfugaji, anza na maji, ungoje.

Ninalo la mwisho. Mwaka uliofuata, katika darasa langu la Kidato cha Pili, palikuwa na msichana aliyekuwa mchangamfu, naye ghafula akafunga kama tumbawe lile. Hakuinua mkono, hakucheka, hakujibu. Zamani ningalimwita mbele ya wenziwe, nikamsugua kwa maswali mpaka aseme. Safari hii nilikumbuka brashi. Sikumwacha bila kumtazama, lakini sikumgusa kwa ukali. Nilimwendea mwalimu aliyemzidi kumjua, nikauliza kwanza juu ya maji aliyokuwa akiishi ndani yake. Nikaambiwa kuna msiba nyumbani kwao. Tulimpunguzia mzigo kidogo, tukamwekea nafasi yake karibu na dirisha, tukangoja. Muhula wa pili aliinua mkono.

Msomaji, wengi hudhani subira ni kukaa bure. Mjomba wangu hakukaa bure hata siku moja: alipima kila asubuhi, aliandika kila jioni, alibadili kidogo, na alipokuwa hajui aliuliza. Hiyo ndiyo subira. Mimi nilikuwa na mapenzi na nguvu, na kwa mapenzi na nguvu niliua. Basi utakapokabidhiwa kitu kilicho hai, kiwe mche, kiwe mnyama, awe mdogo wako, kijue kwanza. Na usipokijua, usione haya kuuliza. Simu yangu ilikuwa mfukoni siku ile. Ingalinigharimu senti chache.